Bandari Iliyojaa Matope



Maji ya mto wetu Ngerengere huingia Ruvu, nayo Ruvu huyafikisha baharini karibu na Bagamoyo. Kusini ya mji huo yapo magofu ya Kaole, yenye msikiti uliojengwa katika karne ya 13. Wenyeji wake walifanya biashara ng'ambo ya bahari, hata bakuli za Kichina zikapamba makaburi yao. Kisha matope yakaijaza bandari, mikoko ikaota, na katika karne ya 18 biashara ikahamia Bagamoyo.

Tuzingatie: faida yao imetoweka, lakini mihrabu ingali yaelekea kibla. Basi tunapohesabu mapato ya soko, tukumbuke msikiti, kisima na yatima. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzingatia. Amin.