Tangi la samaki la mtumba

Wadau, nimepata tangi la mtumba, lita 400. Likijaa, maji peke yake ni kilo 400, na chini ya sebule yangu jirani analaza mtoto mchanga! Kwa hiyo nakwangua silikoni kuukuu yote kwa wembe, napaka mpya, nasubiri ikauke, halafu nalijaza kwanza huko uani.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alionyesha kwamba mimea humpa samaki hewa, na konokono hula majani yaliyooza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, Waingereza wakapagawa na matangi ya sebuleni. Ila yale yalikuwa fremu za chuma na puti. Likikaa bila maji, puti inakauka, linavuja. Silikoni ilikuja kuwaokoa miaka ya 1960.

Mwenye la fremu yupo? Nanunua hata bovu.