Daftari la bibi liko kichwani

Nilikuwa kimya kidogo, nilikwenda Kasulu kumsalimia bibi.

Tukiwa shambani nikamuuliza aina zake za mihogo alianza kuzipanda lini. Akanionyesha moja: "Hii aliileta mjomba wako toka Kibondo, walipokuja Warundi wengi, rais wao alipouawa." Nikapiga hesabu: mwishoni mwa 1993. Akaitaja nyingine, ya kabla ya kuhamishiwa vijijini, yaani kabla ya operesheni ya miaka ya 1970. "Ile haipo tena, mjukuu wangu. Iliisha kwa batobato."

Batobato ni ugonjwa wa virusi. Majani hujikunja na kupata mabaka ya njano. Huenezwa na inzi weupe, na pia na vipando tunavyogawiana kwa wema.

Nikakumbuka Amani, kule Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kuchanganya mhogo na jamaa zake, ukiwemo mti wa mpira wa Ceará, wakitafuta mhogo usioshindwa na batobato. Kazi ya namna hiyo haiendi bila daftari: mche huu wazazi wake ni nani, umeugua au umepona.

D. L. Jennings aliiendeleza miaka ya 1950, na mbegu za Amani zikapelekwa Nigeria. Huko ukapatikana mhogo ulioitwa 58308. Miaka ya 1970 taasisi ya IITA, Ibadan, iliutumia kuzalisha mihogo inayostahimili batobato, ikaenea nchi nyingi za Afrika.

Watafiti walipokezana, kumbukumbu ikabaki. Ndiyo maana leo tunawajua kwa majina.

Sisemi walijua kuliko bibi. Bibi anajua mhogo upi ni mchungu, upi unakaa ardhini muda mrefu bila kuoza, upi ulitolewa na nani. Lakini ule wa kabla ya vijiji umepotea, na hata jina lake amelisahau. Nani ataandika historia yake?

Nimenunua kaunta buku. Yeye anasema, mimi naandika. Tumefika ukurasa wa nne, bado hatujagusa maharage.

Na wewe je, bibi yako ana nini kichwani ambacho hakuna aliyekiandika?