Si Jirani Yako Aliyefunga Kiwanda

Leo tunaongea juu ya biashara ya shaba. Usiseme hayo ni mambo ya mawaziri na wakubwa wa kampuni. Kama umefukuzwa mahali ulipojenga, au kama wewe ni mkubwa wa kartie unayepokea waliofukuzwa, biashara hiyo imekwisha kuingia nyumbani mwako bila kupiga hodi.

Tuanze mwanzo. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, kwa fedha za Wabelgiji na Waingereza. Mji wetu wa Likasi, ambao wakoloni waliuita Jadotville, ulikua kwa sababu ya migodi yake na viwanda vya Shituru na Panda. Watu wa hapa hawakutosha kwa kazi hiyo. Kampuni ikatafuta wengine mbali: Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, Ruanda-Urundi, na Kasai. Kumbuka jambo hilo. Wazee wengi waliotoka Kasai hawakuja kunyang'anya mtu kitu. Waliitwa na kuandikwa kazi.

Sasa sikia jinsi uamuzi wa mbali unavyofika hapa. Shida kubwa ya uchumi ilianza duniani mwaka 1929, na bei ya shaba ikaanguka. Mwaka 1932 Marekani, kwa kulinda migodi yake, iliweka ushuru wa senti 4 juu ya kila ratili ya shaba iliyotoka nje. Katika miaka hiyo Union Minière ilipunguza wafanyakazi wake Waafrika kwa zaidi ya nusu. Baba aliyerudishwa kijijini hakuwa ameiona Washington hata siku moja.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière, ikaunda kampuni ya taifa ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Watu walifurahi. Lakini Union Minière ilitisha kumshitaki kila atakayenunua shaba hiyo. Mwezi wa Februari mwaka uleule serikali ilikubali kampuni ya Kibelgiji, yenye undugu na ileile ya zamani, isimamie kazi na mauzo. Migodi ilikuwa yetu. Njia ya kufika sokoni ilikuwa bado mikononi mwa wengine.

Bei nayo ilifuata soko la London. Mwaka 1974 ilipanda sana, na kabla ya mwaka kwisha ikashuka chini ya nusu. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga njia ya treni ya Benguela, iliyopeleka shaba yetu baharini. Madeni yakaongezeka, na fedha ambazo zingetengeneza mashine zilitumiwa vibaya na wakubwa wetu wenyewe. Hilo pia tuliseme, tusiwalaumu wageni peke yao. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Gécamines, iliyotoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha hata 50,000.

Ndipo watu wa siasa walipowaambia vijana wasio na kazi: mwenye kukunyima mkate ni Mkasai. Mwaka 1992 hapa Likasi, na mwaka 1993 kule Kolwezi, familia zilifukuzwa nyumbani. Zililala kwenye stesheni na katika shule zikingoja treni. Wengi walikufa, na wengi wa watoto wao walikuwa wamezaliwa hapahapa.

Nilisoma sheria. Mbele ya sheria, kabla ya kuhukumu, unauliza: huyu alifanya kosa gani, na ushahidi uko wapi? Je, jirani yako aliweka bei London? Alifunga njia ya Benguela? Alikula fedha za mashine? Na baada ya kumfukuza, kiwanda kilifunguka? Hakikufunguka.

Mambo haya hayajakwisha. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa chini mno, na kuanzia Oktoba 2025 ikaweka kiasi maalum kwa kila kampuni. Safari hii uamuzi ulitoka Kinshasa, na unaweza kuwa na faida kwa nchi. Lakini kazi ikipungua, uvumi wa kale unaweza kurudi.

Kwa hiyo, mkubwa wa kartie, usingoje uvumi. Kazi ikisimama, ita watu, waeleze sababu. Jua pia kwamba sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa malipo ya kampuni juu ya madini, yanayoitwa redevansi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta yenye mgodi, na 10 kwa vizazi vijavyo. Uliza fungu la komini yako lilitumika wapi, uwasomee watu jibu hadharani.

Na wewe uliyehamishwa, simama katika mkutano huo pamoja na mwenyeji wako, mwulize swali moja kwa pamoja. Anayepaswa kulijibu ni mwenye kushika fedha.

Amani iwe nyumbani mwako.