Simba wa Tsavo: Kwa Nini Risasi Hukosa

Aliye na kitabu akifungue, na aliye na kalamu aishike.

Mara nyingi watu barazani husikia kwamba mlinzi amevamiwa, akapiga risasi, akakosa. Basi hucheka. Mmoja husema, "Ingalikuwa mimi, ningalimwangusha pale pale." Je, ni kweli? Leo tutatazama mambo yaliyotokea Tsavo, nchini Kenya, mwaka 1898, ili tupate jibu.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Mwaka 1898 kazi ilifika mto Tsavo, kama maili 130 kutoka pwani. Msimamizi wa ujenzi wa daraja alikuwa mwanajeshi, John Henry Patterson. Wafanya kazi wengi walitoka Bara Hindi. Simba wawili wakawa wanaingia kambini usiku. Walipenya maboma ya miiba, wakawatoa watu hemani na kuwala. Baadaye Patterson alisema kwamba walikufa watu 135. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria, mwaka 2009, kwamba waliliwa kama 35. Hata hesabu hiyo ndogo ni msiba mkubwa. Mwanzo wa Desemba mamia ya wafanya kazi walisimamisha gari moshi, wakapanda, wakakimbilia pwani. Kazi ikasimama.

Patterson alikuwa ametengeneza mtego kwa mataruma, vyuma vya reli, waya na minyororo. Ulikuwa kama chumba chenye sehemu mbili, na katikati palisimamishwa vyuma. Simba akiingia sehemu ya mbele, mlango huanguka nyuma yake. Watu hukaa sehemu ya nyuma, wakiwa chambo, lakini simba hawezi kuwafikia.

Usiku mmoja askari wa Kihindi waliwekwa humo, wakiwa na bunduki za Martini na risasi za kutosha. Simba akaingia, mlango ukafungika. Akawa anajirusha huku na huku mbele yao. Alikuwa karibu hata wangeweza kumgusa kwa midomo ya bunduki. Lakini kwa dakika kadhaa hawakuweza kupiga hata risasi moja. Mtu mmoja aliyekuwa karibu akawapigia kelele kuwatia moyo. Ndipo walipoanza kupiga, ovyo, kila upande. Patterson na mkuu wa wilaya, Bwana Whitehead, walikuwa kando kabisa, wala si upande wa simba. Hata hivyo risasi ziliwapita zikivuma. Askari walipiga zaidi ya risasi 20. Hakuna iliyomwua simba. Moja ilivunja chuma cha mlango, naye simba akatoka, akaenda zake.

Patterson alishangaa sana. Lakini siku chache baadaye jambo la namna hiyo lilimfika yeye mwenyewe.

Tarehe 9 Desemba asubuhi Mswahili mmoja alimjia mbio akipiga kelele, "Simba! Simba!" Patterson akachukua bunduki ya kuazima, yenye kasiba mbili, akajificha. Watu wakapiga ngoma na madebe ili kumtoa simba kichakani. Simba akatokea, akasimama karibu, kama hatua 15 tu. Patterson akalenga, akafyatua. Ta! Risasi haikutoka. Kasiba ya pili ilikuwa na risasi tayari, lakini Patterson akaisahau! Akaishusha bunduki ili aitie risasi upya. Alipokumbuka, simba alikuwa anaruka kwenda zake. Akampiga, lakini hakumwangusha. Na huyu alikuwa mwanajeshi, tena mwindaji wa siku nyingi.

Basi, kuna nini? Mtu akiona mauti mbele yake, mwili hujitayarisha kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio. Damu hukimbilia misuli mikubwa ya mikono na miguu. Vidole hutetemeka, na kufyatua bunduki vizuri ni kazi ya vidole. Macho hukaza juu ya kitu cha kutisha, yasione kilicho kando. Akili nayo huwa finyu: hushika jambo moja, husahau la pili. Hayo ni maumbile ya wanadamu wote, hodari na dhaifu.

Wala si mambo ya zamani tu. Katika mji wa New York, Marekani, wachunguzi wa shirika la RAND walitazama habari za polisi za mwaka 1998 hadi 2006. Polisi wale walikuwa wamefundishwa shabaha. Lakini waliporushiana risasi na mtu, katika kila risasi 100 walizopiga, kama 18 tu ndizo zilizompata.

Turudi Tsavo. Usiku ule ule wa tarehe 9 Patterson alikaa peke yake juu ya ulingo wa miti minne. Simba alimnyemelea kwa muda wa saa mbili hivi. Patterson aliogopa sana, lakini hakupiga ovyo. Alitulia mpaka simba akasogea karibu, akalenga, akapiga. Simba akanguruma, naye akaendelea kupiga kuelekea sauti ile gizani. Asubuhi simba alionekana amekufa, na risasi zilizompata zilikuwa mbili tu. Simba wa pili aliuawa mwishoni mwa mwezi huo. Siku hizi mabaki yao yamo Field Museum, mjini Chicago.

Tunajifunza nini? Kwanza, tusiwacheke askari wale wa mtegoni. Anayecheka barazani hakuwahi kufungiwa na simba. Pili, kushika bunduki si kuwa salama. Mazoezi mengi, chombo unachokijua, na utulivu husaidia, lakini haviondoi hofu. Tatu, na hili ndilo kubwa: risasi iliyokosa haipotei. Huenda mahali. Pale Tsavo nusura impate Patterson au Bwana Whitehead. Mahali penye nyumba na watoto, ingempata nani?

Sasa jadilianeni darasani:

1. Kwa nini askari walishindwa kumpiga simba aliyekuwa karibu nao?
2. Patterson alisahau nini asubuhi ya tarehe 9 Desemba?
3. Usiku wa siku hiyo alifanya nini tofauti?
4. Mlinzi akikosa shabaha, ni nani anayeweza kuumia?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.