Tuta la Bwawa la Nairobi

Mwaka wa 1953 mto Motoine ulizibwa kwa tuta la udongo, kusini ya Kibera, ili mji wa Nairobi uwe na akiba ya maji. Kibera ilikwisha kuwa na wenyeji wake: askari wa Kinubi waliostaafu na jamaa zao, waliokaa katika msitu ule tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Katika miaka hiyo hiyo ya hamsini lilijengwa bwawa la Sasumua katika milima ya Aberdare, na maji ya mji yakazidi kutoka mbali.

Bwawa la Nairobi likawa mahali pa starehe. Wenye mashua za tanga walifanya chama chao hapo, na wavuvi wa ndoana wakakaa ukingoni. Huko Tarime na Serengeti jambo hili lingestaajabisha kidogo, maana tuta la udongo kule ni lambo la kunyweshea ng'ombe, na bwawa la Manchira kazi yake ni kuupa mji wa Mugumu maji. Tanga halina shughuli nalo.

Kazi nyingine ya bwawa haikutazamwa na mtu. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mto hutandaa katika ziwa, hutulia, kisha hutoka polepole. Lakini ziwa huweza hayo maadamu lina nafasi. Kibera ilipojaa watu pasipo mifereji ya maji machafu, taka na matope vilishuka bwawani mwaka hata mwaka. Mwishoni mwa miaka ya tisini gugu-maji lilikuwa limetanda juu yake, mashua zikaondoka, na palipokuwa maji watu wakalima. Kuwalaumu wa Kibera si haki: hawakupewa pengine pa kutupa.

Tuta la udongo huzeeka kwa namna yake. Maji yakipita juu yake hulikata. Yakipenya ndani huchukua chembe za udongo moja moja hata yakapata njia. Mizizi na mashimo ya wanyama huyasaidia, nayo majani marefu huficha dalili. Kwa hiyo njia ya kumwagia maji ya ziada ndiyo roho ya bwawa. Ile ya Sasumua iliharibiwa na mvua mwaka wa 2003. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Nakuru, tuta la bwawa la shamba lilipasuka, na watu zaidi ya arobaini wakafa. Tena Aprili 2024, Mai Mahiu, ilisemwa kwanza kwamba bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kuwa ni kalvati iliyoziba chini ya tuta la reli. Maji hayaulizi tuta lilijengwa kwa nia gani. Reli ilikuwa imekuwa bwawa, wala hapakuwapo mlinzi wa bwawa.

Chini ya tuta la Nairobi mto hauitwi Motoine tena. Huitwa Ngong, nao hupita kati ya viwanda na kando ya nyumba za mabati za Mukuru, ambazo mafuriko ya 2024 yaliingia.