Ifakara nayo ina majengo ya historia

Ukitaja majengo ya kale, wengi wetu tunakimbilia Bagamoyo au Mji Mkongwe. Je, Ifakara haina chake?

Kipo. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alifika hapa, ambapo Wakapuchini wa kwao walikuwa tayari na misheni. Mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ya magonjwa ya tropiki. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, kikafuata kituo cha kufundishia wahudumu wa afya vijijini. Kituo kile baadaye kikawa chuo cha matabibu. Maabara nayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria.

Kilichovilinda ni nini? Kazi! Kila zama zilipobadilika, vilipewa kazi mpya.

Dar es Salaam nako ni hivyo hivyo. Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, lilikarabatiwa na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha historia ya majengo ya jiji.

Sasa mji wetu unakua, na nyumba ya zamani inaonekana kiwanja tu. Jamani, kabla ya kushika nyundo tujiulize kwanza: haiwezi kuwa maktaba, au darasa? Ukuta ukishalala, hata wajukuu wakililia historia, hausimami tena.

Nyie mnasemaje? Tuko pamoja.