Kwa Nini Mbwa Huanza Safari Miezi Minne Kabla ya Mwenye Mbwa



Mwanao akipata kazi Uingereza, yeye ataondoka na pasipoti na viza. Akitaka kwenda na mbwa wake, maandalizi ya mbwa yatachukua zaidi ya miezi minne. Wengi wakisikia hivyo husema ni urasimu tu. Lakini kila karatasi anayodaiwa mbwa huyo ina kisa nyuma yake, na ukikijua kisa hutakosea mpangilio. Kukosea mpangilio ndiko kunakowaacha mbwa wengi nyumbani siku ya safari.

Ugonjwa unaosafiri bila kuonekana

Kichaa cha mbwa hujificha mwilini kwa wiki au miezi kabla ya dalili. Mbwa anakula, anabweka, anatikisa mkia, kumbe tayari anao. Dalili zikishatokea hakuna dawa, kwa mbwa wala kwa binadamu. Kwa hiyo kumtazama mnyama bandarini na kusema "huyu mzima" hakutoshi.

Uingereza ililijua hilo mapema. Mwishoni mwa karne ya 19 mbwa walilazimishwa kufungwa midomo, waliozurura walikamatwa, na mwaka 1897 ikatoka amri ya kudhibiti mbwa wanaotoka nje ya nchi. Kufikia mwaka 1902 ugonjwa ulikuwa umekwisha kisiwani. Mwaka 1918 ukarudi, na inaaminika uliletwa na mbwa walioingizwa kwa siri na wanajeshi waliokuwa wakitoka vitani. Ilichukua hadi mwaka 1922 kuutokomeza tena.

Kwa miongo mingi sheria ilikuwa kali: mbwa au paka anayetoka ng'ambo alikaa karantini miezi 6, kwa gharama ya mwenyewe. Hesabu ilikuwa rahisi: kama anao, utajitokeza akiwa amefungiwa.

Kungoja peke yake hakukutosha

Mwaka 1969, katika mji wa Camberley, mbwa aliyeletwa kutoka Ujerumani alimaliza miezi yake 6 akaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku chache baadaye alishikwa na kichaa na kuuma watu. Mwaka uliofuata mbwa mwingine aliyekwisha kutoka karantini aliugua huko Newmarket. Ikawa wazi kwamba ugonjwa unaweza kujificha kuliko muda uliowekwa.

Upande wa pili, wenye wanyama walilalamika. Miezi 6 ni mirefu kwa mbwa aliyezoea watu. Chris Patten, gavana wa mwisho wa Uingereza huko Hong Kong, alipoondoka mwaka 1997 mbwa wake wawili waliwekwa Ufaransa ili wasipite karantini. Kama gavana alikwama, mtu wa kawaida angefanyaje?

Jibu lilikuja Februari 2000. Badala ya kumfungia mnyama na kungoja, Uingereza ilianza kukubali ushahidi kwa wanaotoka baadhi ya nchi: chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo, na kipimo cha damu kinachoonyesha kuwa chanjo imeshika. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwapo tangu enzi za Louis Pasteur, aliyemchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885. Kilichokuwa kinakosekana ni njia ya kuthibitisha kwamba mbwa huyu hasa ndiye aliyechanjwa. Mwaka 2012 Uingereza ilifuata utaratibu wa Ulaya, na mbwa wa nchi kama zetu naye akapata njia ya kuingia bila karantini, mradi ushahidi wake umekamilika.

Sisi pia tumewahi kulipa

Usidhani ni hofu ya watu wa Ulaya peke yao. Mwaka 1887 sotoka iliingia pembe ya Afrika, na inaelezwa ilikuja na ng'ombe walioletwa Massawa kwa ajili ya jeshi la Italia. Miaka michache baadaye ilikuwa imefika kwetu. Wamaasai walipoteza karibu ng'ombe wote na njaa ikafuata. Wakati huo wanauita Emutai.

Mwaka 1920 ng'ombe waliotoka India kwenda Brazil walipitishwa Antwerp, Ubelgiji, wakaiacha sotoka hapo. Tukio hilo ndilo lililosukuma nchi 28 kusaini mkataba jijini Paris mwaka 1924 na kuunda shirika ambalo leo ni Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011, kwa chanjo na kwa kudhibiti mifugo inayohama.

Mpangilio wa hatua

Kwa mbwa anayetoka Tanzania au Kenya kwenda Uingereza, hatua ni hizi, na hazibadilishani nafasi:

1. Chipu kwanza. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, maana hakuna uthibitisho kwamba ni ya mbwa huyo. Itabidi achanjwe tena.
2. Chanjo ya kichaa cha mbwa, akiwa na umri usiopungua wiki 12.
3. Subiri angalau siku 30, ndipo damu ichukuliwe na kupimwa kwenye maabara inayotambuliwa.
4. Majibu yakiwa mazuri, subiri miezi 3 tangu siku damu ilipochukuliwa.
5. Dawa ya minyoo ya tegu itolewe na daktari wa mifugo kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika.
6. Cheti cha afya kutoka serikalini, na nafasi kwenye ndege. Kwa Uingereza, mnyama huingia kama mzigo, si kwenye kiti cha abiria.

Jumlisha: siku 30 na miezi 3 tayari ni miezi minne, bado siku za kutafuta chipu na vyeti. Anza siku unapoanza kutafuta kazi, si siku unayopata viza. Thibitisha masharti kwa nchi unayokwenda, kwa sababu hubadilika. Muda ukikubana, mwache mbwa kwa ndugu mnayeaminiana, umkabidhi kadi yake ya chanjo. Usijaribu kumpitisha kwa siri: hivyo ndivyo ugonjwa ulivyorudi mwaka 1918.

Na wewe usiyesafiri?

Somo ni lile lile. Mfanyabiashara wa mbuzi anayekwepa kibali cha kusafirisha mifugo anafanya kazi ya ile meli ya Antwerp. Nunua mnyama mwenye historia inayojulikana, mtenge kabla hujamchanganya na wengine, na utunze vyeti.

Mbwa wako wa boma mchanje kila mwaka, hata kama hatavuka mto. Akikuuma mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua. Uingereza ilijifunza kwamba kungoja hakutoshi, na wao walikuwa na vizimba. Sisi tuna watoto wanaocheza uwanjani.